Hati ya hakimiliki ya kimila: huduma nzuri, ila kagua majina kabla ya kusaini

Kwa mwenye shamba kwenye ardhi ya kijiji Tanzania Bara, hii ndiyo hati ya kufuatilia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali mjini, tena inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka.

Anza kwa kumuuliza mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, yaani ofisi ya kutunza kumbukumbu za ardhi. Visipokuwepo, ombi lako litakwama. Vikiwepo, halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kulijibu.

Uhakiki shambani ndio kiini cha huduma yote. Kamati yake haizidi watu 9, na wanawake wasipungue 4. Majirani wa pande zote wawepo, mpaka utembewe kwa miguu, ndipo mpimaji achukue alama kwa simu. Simu haijui mpaka. Inarekodi pale aliposimama mtu. Jirani akisaini baadaye ofisini bila kufika shambani, mmejitengenezea kesi. Mfereji nao si alama, maji huuhamisha. Pandeni minyaa au mkonge siku hiyohiyo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye majina. Hati ikiandikwa mume peke yake, akifariki shamba linaingia kwenye mirathi, na huko sheria ni tatu: ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya India ya 1865. Kanuni za kimila za 1963 hazimpi mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Kwa Waislamu mjane hupata thumni (moja ya nane) kukiwa na watoto, robo wasipokuwepo. Kweli, kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini mjane atalazimika kukidai kwenye shauri, na ni uonevu kumwachia mzigo huo wakati fomu ina nafasi ya majina mawili. Andikeni umiliki wa pamoja usiogawanyika: anayebaki hai anachukua shamba lote.

Ukizuka mgogoro, Baraza la Ardhi la Kijiji, watu 7, hupatanisha tu. Baraza la Kata nalo tangu 2021 halitoi hukumu; uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kuchukua hati, soma tahajia ya majina, hesabu pembe za ramani, angalia lakiri (muhuri) ya wilaya, kisha omba uonyeshwe nakala ya masjala kabla hujaondoka.