Warsha ya walimu wa sayansi na waelimishaji wa makumbusho, Nairobi: nendeni kwa ajili ya mafuvu

Siku ya kwanza ya warsha hii, asubuhi yote, ni hotuba na slaidi kuhusu mtaala wa umilisi. Mwalimu yeyote wa Kenya ameshayasikia. Kilichonifanya nione ada yangu haikupotea ni zoezi la mchana la kupima ujazo wa ubongo.

Fuvu la nakala linageuzwa juu chini na kukalishwa juu ya kata ya nguo. Vitundu vidogo unaviziba kwa pamba, kisha unamimina ndengu kupitia tundu la uti wa mgongo mpaka zijae. Zimwage kwenye silinda ya kupimia, usome. Sokwemtu hukaribia mililita 400, Mvulana wa Turkana (kisukuku cha binadamu wa kale kutoka kaskazini mwa Kenya) 880, mtu wa leo wastani wa 1,350.

Hapo ndipo vikundi vilipoanza kubishana, maana kimoja kilipata 790 kwa fuvu lile lile la Mvulana wa Turkana. Sababu ilikuwa rahisi: walijaza fuvu bila kulitikisa, kisha wakaitikisa silinda, ndengu zikashikana na kushuka. Tikiseni vyote viwili kwa kiasi kimoja, au msitikise chochote, na mrudie mara tatu mchukue wastani. Mahindi msijaribu, yanaacha nafasi kubwa mno katikati. Wimbi unajaza vizuri zaidi ila unavuja kila penye ufa. Kabla ya kununua nakala, hakikisha ina uwazi ndani. Nyingi za bei nafuu ni plasta iliyojaa hadi ndani.

Silinda ya lita moja shule nyingi hazina. Kata chupa ya maji, tia maji kwa bomba la sindano la mililita 20, na kila baada ya mabomba matano uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Aliyepitia mafunzo ya SMASSE, yale ya walimu wa hisabati na sayansi yaliyohimiza vifaa vya kujitengenezea, hatashangaa.

Mstari wa wakati, unaoonyesha historia ya Dunia tangu ilipoumbika hadi leo, ulinichosha. Walitumia karatasi za tishu, zikachanika. Kamba ya mita 46 ni bora: kila sentimita ni miaka milioni moja, dainosari wanatoweka sentimita 66 kabla ya mwisho, na Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, yuko sentimita moja na nusu hivi kabla ya mwisho.

Waelimishaji wa makumbusho walitufunza jambo ambalo sisi walimu hatuliwezi: kunyamaza. Mtoto anaulizwa anaona nini, kisha amejuaje. Kwa swali hilo tu wanafunzi wanaweza kugundua wenyewe kwamba tundu la uti wa mgongo la sokwemtu liko nyuma zaidi, na la binadamu liko chini katikati, kwa sababu anatembea wima. Lakini walifanya hivyo na watu kumi na wawili. Darasa la hamsini halikuzungumziwa kabisa, na hilo waandaaji wanapaswa kulijibu. Pia ulizeni mapema kama mafuvu yanaazimishwa baadaye. Sisi tulirudi shuleni na cheti na picha za simu.