Matairi Yasiyopiga Kelele: Lipi Ununue, Lipi Uliache

Gari likifika kilomita 80 kwa saa na waliomo wakaanza kuongea kwa kupaza sauti, usikimbilie kulaumu injini. Kwa gari dogo lililo zima, ukishavuka 50 hivi kelele kubwa hutoka pale tairi linapokutana na lami. Wengi huanza kwa kubandika mati za kuzuia sauti milangoni. Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye matairi.

Ila hakikisha kwanza kama ni tairi kweli. Mvumo ukibadilika unapotoka lami laini kuingia lami ya kokoto, ni tairi. Ukibaki uleule kila barabara, halafu ukazidi unapokata kona ya upande mmoja, fundi aangalie beringi za magurudumu. Hapo hata ununue matairi ya bei gani, mvumo utabaki.

Namba moja ni matairi ya starehe ya barabarani: Michelin Primacy, Bridgestone Turanza, Yokohama BluEarth na wenzao. Ukiyatazama kwa makini utaona meno yake hayalingani ukubwa. Imefanywa makusudi, kwa sababu meno yanayolingana hupiga lami kwa mdundo mmoja na sikio likasikia mlio, lakini yakitofautiana sauti hutawanyika. Kwa Toyota Wish ya ringi 15, yaani 195/65R15, ningejibana ninunue haya.

Namba mbili, kwa anayezunguka mjini zaidi, ni yale ya bei ya kati kama Hankook Kinergy au Kumho. Yanatosha.

Namba tatu ni ya Kichina ya bei nafuu, na hapa ndipo pa kutumia macho. Yapo matulivu na yapo yanayolia kama mashine ya kusaga, tena duka moja, rafu moja. Yakiwa na kibandiko cha Umoja wa Ulaya, soma desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti, na herufi A, B au C iliyo kando yake; A ndiyo tulivu zaidi. Kipimo hicho huchukuliwa nje ya gari, likiserereka kwa kasi ya 80 injini ikiwa imezimwa, maikrofoni ikiwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia. Kwa hiyo si sauti ya ndani hasa, lakini kwa kulinganisha tairi na tairi kinafaa. Usidharau tofauti ya desibeli 3: nishati ya sauti inakuwa maradufu.

Nne nimeweka matairi yenye sponji ndani, kama ContiSilent ya Continental. Ni ya kisasa na bei yake inauma, mbona nimeyashusha? Sponji hupunguza mvumo wa hewa iliyo ndani ya tairi, basi. Mkwaruzo wa kokoto unabaki. Halafu siku ukipata pancha, fundi lazima aikate sponji ndipo abandike kiraka. Kwa misumari ya barabara zetu, hapana.

Tano, mtumba kutoka Japani. Geuza ubavu wa tairi: ukiona neno STUDLESS, hilo ni la theluji, lenye mipira laini iliyochanjwachanjwa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa litaisha upesi, na breki zake hazitakuwa za kuaminika. Lisilo la theluji nalo likaguliwe tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha pitisha kiganja juu ya meno, kwenda na kurudi. Yakikukwaruza upande mmoja kama msumeno, litavuma tangu siku ya kwanza, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, haitaliponya.

A/T, yaani matairi ya lami na ya njia mbovu, nunua kama kweli unakwenda shamba. M/T, yale ya matope yenye meno makubwa, ni ya mwisho kabisa. Kuyafunga kwenye Harrier inayoishia ofisini ni kujitafutia kelele kwa sababu ya sura.

Usiongeze upana wala kupunguza kimo cha tairi kwa ajili ya urembo. Vyote viwili huongeza kelele. Na mafundi wengi wakimaliza kufunga hujaza upepo hadi PSI 40. Waonyeshe kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wapunguze mpaka kiwango kilichoandikwa pale kabla hujalipa.