Tuvix aliuawa, ila mi simlaumu Janeway peke yake

Jana usiku nimeiangalia tena Tuvix, sijui hii ni mara ya nne au ya tano, na kama kawaida nimelala saa nane nikiwa nabishana peke yangu kichwani. Kwa ambao hawaijui, ni episodi ya 24 ya msimu wa pili wa Star Trek: Voyager, ilirushwa Mei 1996, na ukitaka kuvunja urafiki wa watu wawili wanaopenda saifai we wakalishe pamoja uwaulize tu: Kapteni Janeway aliua au hakuua? Halafu jiweke pembeni. Humu namwaga kila kitu mpaka mwisho, kwahiyo kama hujaiangalia nenda kaangalie kwanza, haifiki hata saa nzima.

Haya. Voyager ni meli ya anga iliyotupwa huko mbali, miaka ya mwanga elfu 70 kutoka nyumbani, na kurudi kwa mwendo wao wa kawaida ni kama miaka 75, yaani wengine watazeekea njiani. Humo ndani kuna Tuvok, afisa wa ulinzi, Mvulcan, yaani wa jamii ya viumbe wa sayari nyingine, mtu wa mantiki ambaye kutabasamu kwake ni kama unamdai hela. Na kuna Neelix, mpishi, mdomo haufungi, anampenda kila mtu hata asiyetaka kupendwa. Hawa wawili wanatumwa kwenye sayari kukusanya mimea, Neelix anaongea Tuvok anavumilia, halafu wakati wa kurudishwa melini kwa ile mashine ya kusafirisha watu, ua la okidi walilolichuma huko linafanya mambo yake na pale jukwaani anatokea mtu mmoja, ndo huyo Tuvix. Mmoja! Hata nguo zimechanganyika, sare ya Tuvok na lile gwanda la madoido la Neelix zimefumwa kitambaa kimoja, na huwa nasimamisha hapo niitazame ile nguo vizuri kwasababu aliyeishona alikuwa na akili sana, kabla jamaa hajafungua mdomo ushaelewa kila kitu.

Sayansi yake ni ya kuungaunga, tusidanganyane. Ua linachanganya watu wawili lakini mtu anatoka mzima na ana akili timamu na maungo yote yako mahali pake? Sawa bana. Kwenye Star Trek nshajifunza kutouliza maswali ya dakika tano za mwanzo.

Anayecheza Tuvix ni Tom Wright na hapa ndo episodi inasimama. Angeweza kuigiza nusu huku nusu kule, mara kanuna mara anacheka, ikawa vichekesho. Hakufanya hivyo. Ametengeneza mtu wa tatu. Ana utulivu wa Tuvok kwenye mabega na ucheshi wa Neelix machoni, anakaa kwenye kituo cha ulinzi anafanya kazi vizuri kabisa, akitoka hapo anaingia jikoni, na kapteni mwenyewe anakiri kwenye kumbukumbu zake za sauti kwamba msosi sahivi ni mtamu kuliko wa Neelix. Yaani wamepata mtu mmoja mwenye mazuri ya wote wawili. Hiyo ni makusudi ya mwandishi, Kenneth Biller, anakufanya umpende kwanza ndo akuoneshe kisu.

Kisu kinakuja baada ya wiki mbili hivi. Imepatikana njia ya kuwatenganisha. Kila mtu anafurahi, halafu Tuvix anasema hataki. Anasema yeye yupo, anaishi, na hiyo tiba mnayoniletea ni kifo changu.

Sasa hapa ndo timu zinapogawanyika na kila timu ina majibu yake yale yale toka 1996. Timu Janeway wanakwambia wawili ni wengi kuliko mmoja, hesabu imeisha. Mi hii hoja ya hesabu sijawahi kuipenda, maana kwa hesabu hiyo daktari yeyote angeruhusiwa kumkamata mtu mzima mwenye afya anayepita nje akachukua figo moja ampe huyu, ini ampe yule, amepoteza mmoja ameokoa wawili, mbona hapo hamshangilii? Ila wana hoja nyingine ambayo ni nzito na wengi wanaipita tu. Tuvok ana mke nyumbani, ana watoto wanne wanamsubiri. Neelix naye ana watu wake. Hawa wawili hawajakubali chochote na hawana mdomo wa kujitetea, na sisi tunamwonea huruma Tuvix kwasababu ndo tunamwona akilia mbele yetu. Ambaye hayupo kwenye skrini halii. Janeway anasema kama kapteni yeye ndo sauti ya wale wawili, na kwa kweli nani mwingine angekuwa sauti yao? Hapo hunyamazisha hata mimi, kwa dakika mbili hivi.

Baada ya dakika mbili narudi kwangu. Tatizo langu ni zile wiki mbili. Wangemtenganisha siku ile ile ya kwanza, akiwa bado kwenye kitanda cha vipimo hajui hata ajiite nani, sidhani kama leo tungekuwa tunabishana. Lakini mmempa jina, mmempa kazi, mmekula chakula chake, mmecheka naye, mmemwachia usalama wa meli nzima mikononi mwake. Huwezi kumwambia mtu ulinzi wetu tunakuachia wewe halafu wiki ya tatu unamwambia wewe ni ajali.

Na ushahidi wangu mkubwa ni daktari. Daktari wa Voyager sio mtu, ni hologramu, programu ya kompyuta kabisa, na katika meli nzima ya watu wenye damu na roho ndo yeye pekee anayekataa. Anasema hawezi kumtoa mtu uhai bila ridhaa yake, kiapo chake hakiruhusu, anarudi nyuma. Janeway hapandishi sauti wala habishani naye, anachukua kifaa anafanya mwenyewe. Kate Mulgrew, anayemcheza Janeway, hapa kaua, samahani kwa neno, maana uso wake hauna hasira wala huruma, ni uso wa mtu aliyeshajifungia mlango kwa ndani.

Lakini nilichokuja kusema hasa ni kuhusu dakika chache kabla ya hapo. Watu wanabishana kuhusu Janeway Janeway Janeway, mi nawaambia tazameni waliokaa. Tuvix yuko kwenye daraja la meli, yaani chumba cha kuiongozea, kapteni kashatoa uamuzi, jamaa anageuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja. Hivi hakuna mtu atakayesema kitu? Paris, rubani, anaangalia kwingine. Wote kimya, na kamera haina haraka, inakupeleka uso kwa uso. Anajaribu kukimbia, walinzi wanamshika, na ujue hao ni walinzi wa kitengo chake mwenyewe. Halafu anatulia, anawaambia mtaishi na jambo hili na mimi nimewasamehe. Heri angewatukana! Msamaha ule unauma kuliko kofi.

Watetezi huwa wanasema ni nidhamu ya jeshi, amri ya kapteni haipingwi. Aah wapi. Episodi inayofuata kabisa, Resolutions, wiki moja tu baadaye, Janeway na Chakotay, msaidizi wake, wanaachwa kwenye sayari kwa ajili ya ugonjwa, Tuvok ndo anashika meli, na amri ya Janeway ni kwamba msiwatafute Vidiian, maadui wao, kwa ajili ya dawa. Si Harry Kim, afisa kijana, huyo huyo aliyenyamaza kwa Tuvix, anapinga hadharani pale pale darajani? Tena kwa ukali. Na Kes, mpenzi wa Neelix na mwanafunzi wa Tuvok, anaenda mwenyewe kumlainisha Tuvok mpaka anabadili msimamo. Kumbe midomo walikuwa nayo! Kumbe amri inapingwa ukiwa unampenda anayeenda kufa. Sijui kama waandishi walipanga hivyo au imetokea tu, ila ukiziangalia hizo mbili kwa kufuatana inakuwa habari nyingine kabisa, Tuvix hakufa kwasababu ya mantiki, alikufa kwasababu alikuwa mgeni na wale wengine wawili walikuwa wenyeji.

Kes mwenyewe nina ugomvi naye. Au tuseme nina ugomvi na walivyomwandika. Amepoteza mpenzi na mwalimu kwa mpigo, na aliyebaki anampenda kwa kumbukumbu za Neelix huku anamkumbuka pia mke wa Tuvok, hapo palikuwa na hadithi nzima ya kuchimba. Badala yake Tuvix anamwomba amtetee kwa kapteni, na yeye anaenda kwa kapteni kulia kwamba anamtaka Neelix wake. Ni ubinadamu, sawa, simlaumu kulia. Ila tukio lenyewe limewekwa kama ngazi ya kumpandisha Janeway afikie uamuzi, likiisha halina kazi tena.

Kuna na lile la wajuaji: kwanini wasimnakili Tuvix halafu wamtenganishe mmoja, si mashine hiyo hiyo ilishawahi kutoa afisa Riker wawili kwenye Next Generation, Star Trek iliyotangulia, mwaka 1993? Jamani, ile ilikuwa ajali, na hata wangeweza, huyo wa pili naye angekuwa anaomba asiuawe. Mmesogeza tatizo chumba cha pili tu. Hata Lower Decks, ile Star Trek ya katuni, walivyoirudia 2023 kwenye ile Twovix, wakatujazia meli nzima watu waliochanganyika, mwishoni walikwepa kiaina, wamewachanganya wote mpaka likawa donge lisilo na akili ndo wakalitenganisha, hakuna wa kuomba asife. Nilicheka sana ila nilijua wamekimbia swali.

Basi mi naipa 9 kati ya 10. Hiyo moja nimeikata kwasababu wale wawili wakirudi hakuna anayewauliza kama wao wangekubali mtu afe ili warudi. Dairekta Cliff Bole anatuachia Janeway akitoka hospitali ya meli, anaingia kwenye korido, uso unaanza kubadilika kidogo, halafu giza, na kesho maisha yanaendelea.

Jana niliiangalia na mdogo wangu ambaye Star Trek haijui kabisa, muda wote alikuwa na simu mkononi nikadhani hafuatilii. Ilivyoisha akauliza, "sasa wamemzika wapi?" Nikamwambia hamna wa kuzika, wale wawili ndo yeye. Akanitazama weee, akasema sijauliza hivyo.