Mkalimani wa simu hospitalini, nyota 4 kati ya 5

Hii ni kwa wale mnaoishi ugenini na wazazi wenu, mkiingia kwa daktari lugha haipandi, mzee anatikisa kichwa tu kila anachoambiwa na mkitoka nje anauliza "kasemaje?". Huduma ninayoizungumzia ni ya mkalimani wa simu. Daktari anapiga namba, anataja lugha, anaunganishwa na mtu aliyesomea hiyo kazi, simu inawekwa spika mezani basi mnaongea. Hospitali zingine wana tableti yenye video, mnamwona kabisa. Tunayoenda sisi mgonjwa halipi chochote, gharama ni ya hospitali. Tumeitumia kwa mama, ana presha na sukari, na figo nazo zinafuatiliwa, kwa hiyo pale tumekuwa wenyeji. Jina la hospitali silitaji wala la kampuni ya wakalimani, maana malalamiko yapo pia.

Kuunganishwa ni haraka, Kiswahili hatusubirishwi sana. Nimeona wenye lugha zenye watu wachache wakiambiwa warudi siku nyingine, hilo ni tatizo lakini kwetu halijatokea.

Sasa uzuri wake. Kabla ya hapo mdogo wangu wa kike ndo alikuwa anaingia na mama kumtafsiria. Mtoto mzuri, lugha anaijua, ila mama hawezi kumwambia binti yake kila kitu, yale mambo ya chooni na ya mwilini anayaruka, anasema "mwambie niko salama" yamekwisha. Siku walipoweka simu na mdogo wangu akaombwa asubiri nje, mama kafunguka. Kumbe dawa moja ya presha, ile ya kutoa maji mwilini, alikuwa hamezi siku nyingi kwa sababu akimeza jioni usiku mzima anaamka kwenda kukojoa, na nyumbani hatukujua kabisa, tunashangaa tu presha haishuki. Daktari akamwambia ameze asubuhi. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni saa tu! Mama mwenyewe ndo alitusimulia baadaye huku anacheka.

Na ndugu akitafsiri anafupisha, nyie wenyewe mnajua. Daktari anaeleza weee mpaka anachora kwenye karatasi, ndugu anageuka anasema "anasema utapona". Au mzee anaulizwa swali ndugu anajibu yeye, mzee hajafungua hata mdomo. Sio ubaya, ni huruma na haraka. Lakini kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2012, ulifanyika vyumba vya dharura vya watoto, walirekodi mazungumzo ya madaktari na familia zinazoongea Kihispania wakahesabu makosa ya kutafsiri. Kwa ndugu au mtu yeyote aliyekamatwa tu atafsiri, asilimia 22 ya makosa yalikuwa ya aina inayoweza kumdhuru mgonjwa, kwa wakalimani wa kazi ilikuwa 12, na wale waliosomea saa 100 au zaidi ilishuka mpaka 2. Ndo maana siku hizi nauliza kama huyo mkalimani amesomea mambo ya hospitali au ni mtu tu anayejua lugha mbili, maana hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Marekani sheria zao tangu 2016 zinakataza hospitali kumtumia mtoto mdogo kama mkalimani labda iwe dharura, na Australia serikali ina huduma ya ukalimani wa simu toka 1973, kwa hiyo hospitali ikikwambia "hatujawahi kusikia kitu kama hicho" usikubali kirahisi.

Kingine ambacho sikukitegemea. Kuna uchunguzi wa zamani, 1984, ulioonyesha mgonjwa akianza kujieleza daktari anamkatiza kwa wastani baada ya sekunde 18. Hao wanaongea lugha moja eh! Sasa kwa mkalimani daktari hawezi kukatiza, atakatiza nini wakati haelewi hata neno moja mpaka mama amalize na yule wa kwenye simu ageuze? Inabidi akae kimya asubiri. Mama anasema hajawahi kusikilizwa hivyo, hata enzi anatibiwa na madaktari wanaoongea lugha yake. Mimi nikacheka lakini nikifikiria ni kweli.

Mtauliza kwa nini usitumie programu ya kutafsiri kwenye simu yako, ni bure. Kuomba maji ya kunywa au kuuliza choo kiko wapi, tumia. Habari za ugonjwa hapana. 2014 kuna madaktari walijaribu Google Translate kwa sentensi 10 za hospitali katika lugha 26, Kiswahili ndo kilishika mkia, sentensi moja tu kati ya 10 ilitoka sawa. Sentensi ya kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana degedege ilitoka mtoto wako amekufa. Hebu fikiria unashikishwa simu unasoma hivyo. Ni miaka mingi imepita na programu zimekuwa nzuri mno ukilinganisha, nakubali, ila mashine inakosea bila aibu, haikwambii "samahani sijaelewa rudia", na mkalimani wetu hilo analisema kila mara, tena ndo kitu kinachonipa imani naye.

Haya malalamiko. Sauti kwanza. Spika ya simu ya mezani kwenye chumba chenye mashine zinapiga kelele, mama sikio moja halisikii vizuri, tunaishia "eti?" na "rudia" mpaka hasira zinaanza kupanda. Tableti ni afadhali, uliza kama wanayo. Pili, mkalimani wa simu haoni, mama anashika ubavu anasema "panauma hapa", yule anatafsiri "hapa" na daktari wakati huo anatazama kompyuta yake, basi mahali penyewe pamepotea. Mwambieni mgonjwa ataje sehemu kwa jina na aonyeshe, vyote viwili.

Tatu ni madaktari wenyewe, hapa ndo nyota yangu imeondoka. Wengi hawajafundishwa kutumia hii huduma, unakuta anaongea na simu badala ya mgonjwa, "mwambie apunguze chumvi, mwambie arudi", mama amekaa pale kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Au anamwaga maelezo marefu bila kupumua halafu anashangaa mkalimani ameacha vitu. Alikuwepo daktari mmoja tu aliyejua, dada mmoja hivi kijana, anamtazama mama usoni, anasema sentensi mbili ananyamaza, na mwisho akamwomba mama amweleze kwa maneno yake mwenyewe dawa atazimezaje nyumbani. Mama akaeleza, moja akaichanganya, ikarekebishwa palepale. Imechukua muda gani? Muda wa kufunga begi. Watafiti wanasema mgonjwa anasahau kati ya asilimia 40 na 80 ya aliyoambiwa mara tu akitoka, kwa hiyo hata nyie mnaoongea lugha moja na daktari ombeni kurudia kwa maneno yenu, wala hutaonekana mjinga.

Muda nao ni shida, kila kitu kinasemwa mara mbili lakini miadi wanakupa ya urefu uleule. Ukiwa unapiga kuweka miadi sema palepale unahitaji mkalimani na lugha gani, na omba muda mrefu zaidi, usingoje kufika mapokezi. Kama mzee ni mama na mambo ni ya kike omba mkalimani mwanamke, ukimpata asiyeelewana naye au anayeanza kutoa ushauri wake binafsi omba abadilishwe, haki yako hiyo. Na wale wanaoogopa siri zao kufika mtaani, mkalimani wa kazi ana kiapo cha siri na wa simu mara nyingi yuko mji mwingine kabisa hata sura yako haijui, mi naona hapo simu inamshinda hata mkalimani wa kukaa naye chumbani.

Kitu cha mwisho, dirisha la dawa. Huko ndani mmetafsiriwa kila neno, mnatoka mnafika kuchukua dawa hakuna simu wala mkalimani, mnakabidhiwa mfuko, lebo iko kwa lugha ambayo mama hasomi, "next". Kule kwenye dozi ndo kosa linaua na ndo wameacha wazi. Kwa sasa namwomba nesi kabla hatujatoka chumbani, mkalimani akiwa bado yuko hewani, tupitie dawa moja moja naandika mwenyewe kwa peni asubuhi, mchana, jioni. Kama kuna mtu hospitali yake inatoa lebo kwa Kiswahili aniambie aliombaje, nahitaji sana.