Ozoni ya damu kwa kidonda ndugu: tulilipia vipindi 10 tukaishia 6

Naandika kwa ajili ya wenye mgonjwa wa kidonda ndugu nyumbani, maana najua mtu ukishachoka unajaribu chochote. Mama ana kidonda juu ya kifundo cha mguu mwaka wa pili huu, ni cha mishipa ya vena, jioni mguu unavimba na majimaji yanalowanisha mpaka shuka. Tukaenda kliniki moja ya binafsi hapa Dar, wakasema vipindi 10, laki na ishirini kila kimoja na unalipa zote mwanzoni.

Usafi sina neno, sindano wanafungua mbele yako na mama wanamwamkia vizuri. Wanatoa damu kwenye chupa, wanaichanganya na gesi ya ozoni na oksijeni halafu wanairudisha kwa dripu, na jamani ile damu inatoka nyeusi nyeusi ikikutana na gesi inageuka nyekundu ya kung'aa unaona kwa macho yako. Mama akaniambia "mwanangu, hii ndo damu yangu ya usichana." Hata mimi siku ile niliamini kabisa. Kumbe damu ya vena ikipata oksijeni lazima iwe nyekundu, kidonda hakihusiki hapo.

Kilichoniuma ni kwamba vipindi vyote 6 hakuna aliyefungua bandeji akakiangalia! Wala hawakuuliza kama ana upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na mwenye upungufu huo hatakiwi kupewa ozoni, na huku pwani wapo wengi tu. Nikaanza kusoma. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, mwaka 2015 walipitia ozoni kwa vidonda vya miguu vya kisukari wakapata tafiti 3 tu zenye watu 212, wakashindwa kusema inasaidia au la, na kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zinaiita ozoni gesi ya sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana. Hela ya vipindi 4 vilivyobaki hawakurudisha.

Tukahamia kliniki ya vidonda hospitali ya serikali. Nesi alipima kwanza presha ya mguuni kwa kamashine kanakolia mapigo, maana mshipa wa ateri ukiwa umeziba kubana mguu ni hatari, akasafisha, akafunga bandeji ya kubana kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, akachora ukingo wa kidonda kwenye plastiki. Kila wiki tunaenda kufungwa upya. Mchoro wa kwanza ulikuwa kama kiganja cha mtoto, wa juzi unafunikwa na kidole gumba cha mama.