Mchuzi wa mjuzi, na maneno mengine ukutani

Mkahawa huu ulio hatua chache kutoka Soko la Kiusa, mjini Moshi, una sifa mbili ambazo hazilingani kwa ubora: unapika vizuri vyakula vya Kichagga, na umejaza kuta zake, orodha yake ya vyakula na hata aproni za wahudumu wake michezo ya maneno yanayokaribiana kwa sauti. Wengi huja kwa ajili ya sifa ya kwanza, kisha hupiga picha kwa ajili ya sifa ya pili. Tathmini hii inazigusa zote mbili, kwa kuwa hapa mtu hawezi kuagiza chakula bila kusoma, na si kila kilichoandikwa kinafikia kiwango cha kilichopikwa.

Usemi ulio bora kuliko yote umechorwa juu ya dirisha la jikoni: “Mchuzi wa mjuzi, mpishi si mbishi.” Mchuzi na mjuzi hutofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hizo mbili hutamkwa mahali pamoja kinywani, tofauti ikiwa ni mtetemo wa nyuzi za sauti; p na b katika mpishi na mbishi zina uhusiano uleule. Wanafonolojia, yaani wataalamu wa mfumo wa sauti za lugha, huyaita maneno ya namna hiyo jozi za mlinganuo finyu, na wanafunzi wengi huyajua kwa jina la vitate. Hata hivyo, ukaribu wa sauti peke yake usingetosha. Usemi huu unafaa kwa sababu kila neno lina kazi mahali hapa: mchuzi uko mezani, mjuzi yuko jikoni, na ahadi kwamba mpishi si mbishi hutimizwa. Mtori wangu, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ambao hapa hupondwa kwa mwiko hadi ubaki na vipande vidogo vya ndizi, ulikuwa mzito kupita ninavyopenda. Nilipomweleza mhudumu, bakuli lilirudi jikoni na kuletwa tena likiwa limeongezwa supu ya mifupa, bila mtu yeyote kununa. Kwa shilingi 3,000, sijui ni wapi mjini ningepata mtori bora zaidi.

Katika orodha ya vyakula kuna kilichoitwa “Mbuzi kwa mbuzi”, nacho ni nyama ya mbuzi iliyoungwa kwa tui la nazi. Mzaha wenyewe umetegemea kifaa cha kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho nacho huitwa mbuzi. Mtu wa Tanga au Pangani angecheka papo hapo. Vijana waliokaa meza ya jirani, ambao bila shaka wamezoea tui la pakiti, walimwuliza mhudumu iwapo wataletewa mbuzi wawili. Mwenye mkahawa angeweza kuwasaidia kwa kukitundika kifaa hicho ukutani, kwa sababu anacho. Nilikiona jikoni, meno yake yakiwa bado na chembe nyeupe za nazi. Hapo ndipo chakula kilipouokoa mzaha, kwani tui zito lililokunwa siku hiyohiyo halifanani na lile la pakiti, na nyama ilikuwa imeiva hadi kuachana na mfupa.

Nje, upande wa njia, wameandika: “Chakula barabara, kando ya barabara.” Huu ni mchezo wa macho kuliko wa masikio. Maneno hayo mawili huandikwa kwa herufi zilezile, lakini barabara ya kupita magari huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, ilhali barabara yenye maana ya sawasawa huwekewa mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Maandishi yanaficha tofauti hiyo na msomaji anaifurahia akiigundua. Kinyume chake ni “Shika kalamu, karamu yaja”, maneno yaliyo juu ya karatasi ndogo ambayo mteja huwekea alama vyakula anavyovitaka. Kwa maandishi ni usemi mzuri, tena una adabu. Ila wazungumzaji wengi ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi l na r huyatamka maneno yote mawili sawa, na kwao mzaha hugeuka kuwa marudio tu.

“Supu bila sumu” ningeifuta leo hii. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi na supu yao mpaka waliposema. Kuhusu nyama choma ya “Moshi isiyo na moshi”, itoshe kusema kwamba mji huu umekwisha kuuchosha mzaha huo.

Lalamiko langu kubwa liko kwenye bango lililobandikwa karibu na kaunta: “Kila anayekula kilo hupata soda.” Kwa sauti ni kazi ya ustadi, kwani kila, kula na kilo zinapishana kwa irabu tu. Kwa mteja ni mtego. Tulikuwa watatu, tukala pamoja kilo moja ya mbuzi choma kwa shilingi 18,000, tukaletewa chupa moja. “Kaka, kilo moja, soda moja,” alisema mhudumu wa kaunta kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi. Sentensi ile inaweza kusomwa kwa namna zote mbili: kwamba kila mtu ale kilo yake, au kwamba kila aliyeshiriki kilo ana haki ya soda. Utata wa aina hiyo una raha yake katika kitendawili. Kwenye bei na zawadi, mwenye duka anawiwa kuandika wazi, hata kama sentensi itapoteza mlio wake. Kuongeza maneno “soda moja kwa kila kilo” kungetosha.

Huduma ni ya haraka, maji ya kunawa ni ya moto, na risiti hutolewa bila kuombwa. Mkahawa hufunguliwa saa moja asubuhi, na anayetaka mtori afike kabla ya saa nne, kwa maana baada ya hapo hubaki machalari, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama, na choma pekee.