Michepuo minne kwenye kijitabu, miwili kwenye fomu

Nilijiunga na shahada ya sayansi ya kompyuta kwa sababu kijitabu cha udahili kiliahidi kwamba mwanafunzi akimaliza mwaka wa pili atachagua mchepuo, na mmojawapo ulikuwa usalama wa kompyuta. Kwa ahadi hiyo nilivumilia masomo yote ya lazima. Hata hesabu za modulo, yaani za mabaki ya kugawanya, ambazo wenzangu walizikimbia, nilizisoma kwa moyo, kwa kuwa nilijua mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe kwa siri, uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, umesimama juu yake: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, lakini kupewa zao lake na kutakiwa kuzitafuta namba zenyewe ni balaa.

Siku ya kuchagua ilipofika, nilikabidhiwa fomu ambayo michepuo miwili kati ya minne ilikuwa imekatwa kwa kalamu, wangu ukiwamo. Nilimuuliza ofisa wa idara sababu, naye, bila kuinua macho kwenye simu yake, akajibu, "Mhadhiri wake aliondoka. Chagua kilichobaki, wenzako wanasubiri." Nilipouliza aliondoka lini, akaniambia, "Umekuja kusoma au kuhoji?" Baadaye nilisikia kwa wanafunzi walionitangulia kwamba mhadhiri huyo alikuwa amekwisha kuondoka kabla mimi sijadahiliwa. Mtu anaweza kusamehe upungufu wa walimu. Kuuziwa kiti ambacho mwenye duka anajua hakina miguu ni jambo jingine.

Nikaingia mchepuo wa hifadhidata nikiwa nimenuna, na hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuniponyoka. Mhadhiri wake alikuwa hodari. Alianza na wazo ambalo mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alilichapisha mwaka 1970, la kupanga data katika majedwali yanayohusiana, kisha akatuhesabisha kwa mkono mpaka tukaona kwamba katika orodha ya rekodi 1,000,000 iliyopangwa vizuri, hatua zipatazo 20 tu za kugawa nusu kwa nusu zinatosha kuipata unayoitaka. Siku moja akatuonyesha jinsi fomu ya kuingilia kwenye mfumo, ikiwa inaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, inavyoweza kufunguliwa kwa hila inayoanza na alama moja tu ya nukuu. Usalama wa kompyuta, nilionyimwa mlangoni, ukaniingilia dirishani, na kwa saa mbili zile nilikuwa tayari kuwasamehe wote.

Lakini zilikuwa saa mbili tu, katika mchepuo wa miaka miwili! Mengine ya usalama nimejifundisha mwenyewe usiku, ilhali ada nililipa kamili. Siwezi kumwambia mtu asisome sayansi ya kompyuta, maana msingi wake umenifunza kufikiri. Chuo kile, hata hivyo, sitampendekezea mtu, au labda nitampendekezea kwa sharti kwamba kabla ya kulipa aulize nani anafundisha kila mchepuo, na wangapi waliuhitimu mara ya mwisho.

Juzi nilirudi idarani kufuata nakala ya matokeo yangu. Kijitabu kipya kilikuwa mezani, jalada limebadilishwa rangi. Nilikifungua: michepuo minne.